Msomaji Ambaye Hakuwepo: Kuandaa Andiko na Kulituma kwa Jarida la Kisayansi

"Mbegu zilizolowekwa ziliota vizuri zaidi kuliko zisizolowekwa."

Mtafiti aliyeandika sentensi hii anaiona imejitosheleza. Yeye ndiye aliyezihesabu mbegu, yeye ndiye aliyeamka alfajiri kubadilisha maji, na yeye ndiye anayekumbuka kwamba sahani moja ilidondoka siku ya tatu. Msomaji hana habari ya hayo yote. Anauliza: ni mbegu za zao gani? Zilikuwa ngapi? Zililowekwa kwa saa ngapi, katika maji ya nyuzijoto ngapi? Hilo "vizuri zaidi" ni kiasi gani? Na nani aliamua kwamba mbegu hii imeota na ile bado?

Karibu kila sharti linalomchosha mtafiti anapotuma andiko kwa jarida la kisayansi limezaliwa na maswali ya namna hiyo. Fomu za matamko, kikomo cha maneno, namba ya kibali cha maadili, barua kwa mhariri, orodha ya nani alifanya nini: ukiyatazama moja moja, utaona urasimu mtupu. Lakini yatazame kama maswali ya mtu makini ambaye hakuwepo maabara, na ambaye ana haki ya kutokukuamini mpaka umpe sababu. Hapo yanaanza kueleweka, na kazi ya kuandika inabadilika sura.

Shida hii ni ya zamani. Royal Society ilipoanzishwa London mwaka 1660, majaribio yalifanywa mbele ya wanachama, na walioona kwa macho yao ndio waliokuwa mashahidi. Mwaka 1665 katibu wa chama hicho, Henry Oldenburg, alianza kuchapisha Philosophical Transactions. Miezi michache kabla, jarida la Journal des sçavans lilikuwa limetoka Paris. Tangu hapo ushahidi ukahama kutoka chumba cha majaribio hadi kwenye karatasi. Mtu aliye mbali angeweza naye kuwa shahidi, ilimradi mwandishi aeleze kwa ukamilifu wa kumfanya aone.

Kabla ya kuandika chochote

Kosa kubwa kuliko yote hutokea kabla kalamu haijagusa karatasi: mtafiti anataka kuripoti kila alichofanya. Miaka miwili ya kazi, majaribio saba, data za kujaza madaftari, na roho inamuuma kuacha kitu nje. Lakini makala ya jarida hujibu swali moja, au maswali mawili yaliyoshikana. Jaribu kuliandika swali lako kwa sentensi moja inayoishia na alama ya kuuliza. Ukishindwa, bado hujafika kwenye kuandika. Ukipata maswali manne, huenda una makala mbili mkononi. Nasema mbili, maana kuukatakata utafiti mmoja vipande vidogo vidogo ili kuongeza idadi ya machapisho ni tabia ambayo wahariri huitambua na kuichukia.

Kisha chagua jarida, mapema kuliko unavyodhani. Wengi huandika kwanza, wakatafuta pa kupeleka baadaye, halafu wakajikuta wana maneno 7,000 kwa jarida linalopokea 3,500. Soma ukurasa wa malengo na upeo wa jarida, kisha soma makala tano au sita zilizochapishwa humo hivi karibuni. Je, zinazungumza na watu unaotaka kuzungumza nao? Angalia pia orodha ya marejeo uliyokwisha kukusanya: jarida linalojirudia humo mara kwa mara ndilo ambalo huenda wasomaji wako wanalisoma. Watu hukimbilia kuuliza jarida lina kipimo gani cha athari. Kipimo hicho ni wastani wa mara ambazo makala za jarida zima hunukuliwa. Hakisemi lolote kuhusu makala yako, na hakimsaidii mhariri wa fizikia kupenda andiko la kilimo.

Mambo mengine hayawezi kurekebishwa baadaye hata ukitumia ufundi gani wa lugha. Kibali cha kamati ya maadili kwa utafiti unaohusu watu au wanyama hutolewa kabla data hazijakusanywa. Kukiomba baada ya mahojiano kumalizika ni sawa na kuomba ruhusa ya kuingia ukiwa tayari sebuleni. Majaribio ya tiba nayo yana kanuni yake: tangu mwaka 2005, majarida yaliyo chini ya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Kitabibu hudai jaribio liwe limesajiliwa hadharani kabla mshiriki wa kwanza hajaandikishwa. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Mtu asiyetangaza mapema alichokusudia kupima anaweza kupima mambo ishirini, kisha akaonyesha lile moja lililompendeza.

Kuandika kwa kurudi nyuma

Makala nyingi za sayansi hufuata mpangilio mmoja: utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala. Ndiyo njia ambayo msomaji huipita. Mwandishi si lazima aanze anapoanza msomaji. Mimi huanza na majedwali na vielelezo, kwa sababu humo ndimo ukweli wa utafiti ulimo. Nikiyapanga mezani kwa mfuatano unaojibu swali, hadithi ya makala inajitokeza yenyewe. Kielelezo kisichokuwa na kazi katika hadithi hiyo kinaondoka. Baada ya hapo huandika mbinu, kisha matokeo, kisha mjadala, kisha utangulizi. Ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa mwanzoni, na kichwa cha makala huja mwisho.

Sehemu ya mbinu ndiyo inayoharakishwa zaidi na ndiyo inayoangusha maandiko mengi. Turudi kwenye mbegu. "Mbegu zililowekwa usiku kucha" haitoshi. Sentensi inayomwezesha mgeni kurudia kazi inafanana na hii: "Mbegu 240 za mtama zililowekwa katika maji yaliyochujwa kwa saa 12 kwa nyuzijoto 25, zikakaushwa kwa karatasi, kisha zikapangwa katika sahani 8 zenye mbegu 30 kila moja. Mbegu 240 zisizolowekwa zilipangwa kwa namna hiyo hiyo. Mbegu ilihesabiwa kuwa imeota mzizi ulipofikia milimita 2. Aliyehesabu hakujua sahani ipi ni ya kundi lipi." Ona kile kipimo cha milimita 2. Bila hicho, watu wawili wakiitazama sahani moja wangetoa hesabu mbili tofauti. Na sentensi ya mwisho, yenye maneno manane tu, inafunga mlango ambao upendeleo ungepitia.

Kwa aina nyingi za tafiti ipo orodha ya kukagulia iliyokubaliwa kimataifa: CONSORT kwa majaribio ya nasibu, STROBE kwa tafiti za uchunguzi, PRISMA kwa mapitio ya kimfumo, ARRIVE kwa tafiti za wanyama. Majarida mengi hutaka uijaze na kuonyesha ukurasa ambao kila jambo limeelezwa. Ichukue kabla ya kuanza kukusanya data, si usiku wa kutuma. Ukiijaza usiku huo utagundua uliyosahau kupima wakati hakuna tena namna ya kuyapima.

Katika matokeo, toa namba kabla ya kutoa hukumu. "Tofauti ilikuwa kubwa kitakwimu" ni maneno yanayomwacha msomaji mikono mitupu. Mpe hivi: "Mbegu 184 kati ya 240 zilizolowekwa ziliota ndani ya siku 5, sawa na asilimia 77, kwa zisizolowekwa ni 131 kati ya 240, asilimia 55." Sasa anaweza kukokotoa mwenyewe. Ongeza tofauti baina ya makundi, ambayo ni pointi 22 za asilimia, na masafa ya uhakika, yaani kutoka wapi hadi wapi tofauti halisi huenda ipo. Thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kama hii au kubwa zaidi kwa bahati tu, peke yake haimwambii mkulima wala mtafiti mwenzako kama tofauti hiyo inafaa kusumbukiwa.

Hapa niseme neno kuhusu faili za data, maana makosa ya humo huwa hayasikiki yanapotokea. Programu ya Excel ilikuwa ikigeuza majina ya baadhi ya jeni kuwa tarehe: mtu akiandika SEPT2, kisanduku kinaonyesha siku ya mwezi Septemba. Makosa hayo yaliingia katika faili za makala nyingi zilizochapishwa, hata mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaamua kubadilisha majina yenyewe. Weka faili ghafi usiyoigusa kamwe, fanyia kazi nakala, na andika kila badiliko ulilofanya. Majarida mengi siku hizi hutaka tamko la mahali data zinapopatikana, na mhakiki, yaani mtaalamu anayeombwa na jarida kulitathmini andiko, anaweza kuziomba.

Mjadala ndio mahali pa kishawishi. Baada ya kubanwa na namba kurasa kadhaa, mwandishi anaona amefunguliwa, anaanza kutia chumvi. Mbegu za sahani zinageuka kuwa suluhisho la njaa duniani. "Inahusiana na" inageuka "husababisha". Mhakiki hulinusa jambo hili kwenye aya ya kwanza. Mjadala mzuri huanza kwa kujibu swali lile la utangulizi kwa lugha nyepesi, kisha huyaweka matokeo kando ya tafiti za wengine, hasa zinazopingana nayo, na kueleza kwa nini huenda yametofautiana. Kisha hukiri mipaka. Watu huogopa aya ya mipaka wakidhani inawashushia hadhi, wakaandika mstari mmoja wa kufunika kombe: "Sampuli ilikuwa ndogo." Sema badala yake kwamba mbegu zilioteshwa katika sahani zenye unyevu usiobadilika, na kwamba katika udongo unaokauka baada ya siku mbili matokeo yanaweza kuwa mengine kabisa. Mipaka iliyoelezwa namna hiyo humwonyesha msomaji mahali pa kusimama na mahali pa kutokukanyaga.

Ikisiri huwa na maneno yapatayo 250, kutegemea jarida, na ndiyo sehemu pekee ambayo wasomaji wengi wataisoma. Mhariri naye huanza hapo. Weka swali, ulichofanya, namba kuu za matokeo, na maana yake. Usimwandikie mtu "matokeo yatajadiliwa". Hakuja kuahidiwa.

Kuhusu marejeo nitasema mambo mawili. Nukuu ulichokisoma wewe, si ulichokiona kimenukuliwa na mwingine. Madai mengi hupotoka kwa kupokezana. Na kama umetumia programu ya akili bandia kukusaidia kuandika, hakiki kila rejeo kwa kulifungua, kwa sababu programu hizo zinaweza kubuni makala ambazo hazipo, zikiwa na waandishi na miaka inayoonekana ya kweli kabisa. Kamati za maadili ya uchapishaji zimeweka wazi kwamba programu haiwezi kuwa mwandishi, maana haiwezi kuwajibika. Majarida mengi yanadai ueleze ulivyoitumia.

Nani awe mwandishi

Suala hili limevunja urafiki na vikundi vizima vya utafiti, kwa hiyo lizungumzeni mwanzoni, wakati bado hakuna cha kugombania. Kigezo kinachotumika sana ni cha kamati ile ya wahariri wa majarida ya kitabibu, na kina masharti manne yanayokwenda pamoja: mtu awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni utafiti, kukusanya data au kuzichanganua, awe ameshiriki kuandika au kuhakiki maudhui ya andiko, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi yote. Aliyetafuta fedha tu, au aliyekuwa mkuu wa idara tu, anastahili shukrani, na mahali pake ni kwenye aya ya shukrani.

Kinyume chake ndicho kinachoniuma zaidi: msaidizi aliyekaa maabara miezi minane akichanganua sampuli, akatoa mawazo yaliyobadilisha utafiti, kisha akaachwa nje kwa sababu hana shahada ya juu. Mpe nafasi ya kushiriki kuandika ili atimize masharti yote. Kumnyima nafasi hiyo, halafu kusema hakuandika, ni dhuluma. Majarida mengi sasa hutumia mfumo wa CRediT wenye majukumu 14, kuanzia wazo la utafiti na uchambuzi hadi usimamizi, na kila mwandishi hutajwa alichofanya. Kila mmoja ajisajilie pia namba ya ORCID, yenye tarakimu 16, ili kazi zake zisichanganywe na za mwenye jina kama lake.

Siku ya kutuma

Mfumo wa mtandaoni wa jarida utakuomba vitu vingi kuliko ulivyotarajia: faili kuu, vielelezo katika faili zao zenye ubora wa kutosha, mara nyingi nukta 300 kwa inchi kwa picha, anuani na taasisi za waandishi wote, matamko ya ufadhili na ya mgongano wa maslahi, kibali cha maadili, na majina ya wahakiki unaowapendekeza. Tenga siku nzima. Kama jarida huficha majina ya waandishi kwa wahakiki, toa majina kwenye ukurasa wa kwanza, kwenye shukrani, na pia kwenye sifa za ndani za faili, ambako jina lako hujihifadhi bila wewe kujua.

Kwenye wahakiki unaowapendekeza, kumbuka kwamba kila mwamba ngoma huvutia kwake, na mhariri analijua hilo. Usipeleke majina ya msimamizi wako wa zamani na mwandishi mwenza wa mwaka jana. Peleka wanaoifahamu mada na wasiokudai wala kudaiwa nawe.

Barua kwa mhariri isizidi ukurasa mmoja. Isirudie ikisiri. Mhariri anataka kujua swali lenu ni lipi, mmegundua nini, kwa nini wasomaji wa jarida hili hasa wanahusika, na kwamba andiko halijachapishwa wala haliko kwa jarida lingine. Hilo la mwisho halina mjadala: andiko hupelekwa kwa jarida moja kwa wakati mmoja. Wahakiki hufanya kazi hiyo bila malipo katika majarida mengi, na kuwatumikisha watu wa majarida mawili kwa andiko moja ni kuwala muda wao. Likigundulika, na hugundulika, huenda yote mawili yakalikataa.

Kuna jambo linalowachanganya wengi: je, kuweka toleo la awali la andiko kwenye hazina huria ni kulichapisha? Wanafizikia wamekuwa wakifanya hivyo kupitia arXiv tangu mwaka 1991, wanabiolojia kupitia bioRxiv tangu 2013. Majarida mengi hayaoni tatizo, lakini si yote. Soma kanuni za jarida lako kabla hujabonyeza.

Na kuna majarida ambayo hayafai kutumiwa chochote. Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon alieleza katika jarida la Science jinsi alivyotuma andiko la uongo, lenye makosa ya wazi ambayo mhakiki yeyote makini angeyaona, kwa majarida 304 ya ufikiaji huria, yaani yanayosomwa bure na yeyote, ambayo huwatoza waandishi ada. Zaidi ya nusu yalilikubali. Ukipata barua pepe ya kukusifu kupita kiasi, ikikuahidi uhakiki wa siku tatu na ikificha ada mpaka andiko likubaliwe, unauziwa mbuzi kwenye gunia. Angalia kama jarida limo katika DOAJ, orodha ya majarida ya ufikiaji huria, waandikie wajumbe wa bodi ya wahariri wanaotajwa kama kweli wanaitumikia, na usome makala zake kadhaa uone kama zimehaririwa. Ada yenyewe si dalili ya utapeli. Majarida mengi ya heshima ya ufikiaji huria hutoza, na baadhi yake hupunguza au kusamehe kwa watafiti wa nchi zenye kipato cha chini. Ombi la msamaha huo mara nyingi hutakiwa wakati wa kutuma, kwa hiyo lishughulikie mapema.

Majibu yanaporudi

Jibu la kwanza linaweza kuja haraka sana. Andiko langu la kwanza lilirudi baada ya siku tatu, bila kufika kwa mhakiki yeyote, na nilikaa wiki mbili siwezi hata kulifungua. Nilipolifungua niliona mhariri alikuwa sahihi: nilikuwa nimelipeleka kwa jarida lisilohusika na mada yangu. Kukataliwa mezani kwa mhariri ni jambo la kawaida mno, na mara nyingi sababu ni upeo wa jarida, au swali lisiloonekana, au andiko lisilofuata maelekezo.

Likipita hapo, huenda kwa wahakiki wawili au watatu. Tunauzoea utaratibu huu kana kwamba umekuwepo daima, lakini Nature, jarida lililoanza mwaka 1869, liliufanya kuwa lazima kwa makala zake mwaka 1973 tu. Albert Einstein mwenyewe alikasirika mwaka 1936 jarida la Physical Review lilipolipeleka andiko lake na Nathan Rosen kwa mhakiki. Walikuwa wakidai kwamba mawimbi ya mvutano hayapo. Einstein aliliondoa andiko. Lakini mhakiki, ambaye baadaye alijulikana kuwa Howard Percy Robertson, alikuwa ameona kosa, na lilipochapishwa katika jarida jingine mwaka 1937 hitimisho lilikuwa limebadilishwa.

Mhariri akikuomba marekebisho, hata makubwa, furahi. Mlango uko wazi. Soma maoni mara moja, funga, lala nayo siku mbili. Kisha nakili kila hoja, moja baada ya nyingine, na uandike jibu chini yake. Hivi ndivyo jibu zuri linavyokuwa:

"Mhakiki 2, hoja ya 4: Waandishi wamechanganua mbegu 240 kama vipimo 240 vinavyojitegemea, lakini mbegu zilizo katika sahani moja hushiriki unyevu na joto. Idadi halisi ya vipimo ni sahani 8 kwa kila kundi."

"Jibu: Tunamshukuru mhakiki, hoja hii ni sahihi. Tumerudia uchambuzi tukiichukua sahani kuwa kipimo. Tofauti imebaki pointi 22, lakini masafa ya uhakika yamepanuka kutoka 14–30 hadi 9–35. Tumebadilisha Jedwali 2, ukurasa wa 8 mstari wa 12 hadi 19, na tumepunguza ukali wa hitimisho katika ikisiri."

Tazama kilichotokea. Mwandishi amekubali bila kujitetea, ametaja badiliko na mahali lilipo, na ameacha namba zishuke nguvu pale ukweli ulipotaka hivyo. Kama hukubaliani na mhakiki, unayo haki hiyo pia. Sema kwa adabu, weka ushahidi, na hata hapo rekebisha sentensi iliyomfanya aelewe vingine, maana akielewa vibaya yeye mtaalamu, wengine wataelewa vibaya zaidi. Usilikwepe hata swali moja. Hoja isiyojibiwa ndiyo ya kwanza kutazamwa andiko linaporudi.

Na likikataliwa baada ya uhakiki? Mwaka 1937 Hans Krebs aliipelekea Nature barua kuhusu mzunguko wa asidi ya sitiriki, ambao leo kila mwanafunzi wa biolojia anausoma. Akajibiwa kwamba jarida lilikuwa na barua za kutosha kwa wiki saba au nane. Akaichapisha kazi hiyo katika Enzymologia, na mwaka 1953 akapata Tuzo ya Nobel. Rosalyn Yalow na Solomon Berson walikataliwa mwaka 1955 kwa sababu wahakiki hawakuamini kwamba mwili unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya insulini. Mwaka uliofuata walichapisha baada ya kuliondoa neno "kingamwili" kwenye kichwa cha makala. Yalow aliihifadhi barua ya kukataliwa, akaionyesha katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1977. Siwataji hawa kukuambia kwamba kila andiko lililokataliwa ni hazina. Mengi hukataliwa kwa haki. Ninachosema ni kwamba kukataliwa ni hukumu juu ya andiko moja, kwa jarida moja, kwa siku hiyo. Rekebisha kwa maoni uliyopewa kabla ya kupeleka kwingine; ulimwengu wa taaluma ni mdogo, na mhakiki yule yule anaweza kulipokea tena na kukuta hujagusa kitu.

Likikubaliwa, bado prufu. Utapewa saa 48 au siku chache kukagua kurasa zilizopangwa na wachapaji. Usizisome kama hadithi unayoijua. Mpe mwenzako asome majedwali kwa sauti huku wewe ukifuata faili lako la awali, namba kwa namba, nukta kwa nukta, kwa sababu 0.05 na 0.5 hazitofautiani sana kwa jicho lililochoka. Kagua tahajia ya kila jina la mwandishi, maana hilo ndilo litakaloingia katika hifadhi za kumbukumbu. Na siku utakapogundua kosa makala ikiwa tayari imeshatoka, mwandikie mhariri siku hiyo hiyo ukieleza kosa ni lipi na linabadilisha nini. Jarida litachapisha masahihisho yatakayounganishwa na makala yenyewe, ili atakayeifungua miaka kumi baadaye ayakute hapo hapo.